Chaji ya gari: pima nyaya kabla ya kununua altaneta

"Chomoa waya wa betri gari likiwa linaunguruma. Likizima, altaneta imekufa."

Kati ya dhana potofu za chaji ya gari, hii inaniuma kuliko zote, maana inaua magari mazima. Ilikuwa na nafasi yake enzi za dainamo, jenereta za magari ya zamani. Kwa altaneta, mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri, betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka kutoka 14 hadi kupita 40 kufumba na kufumbua, na hapo diodi (vipande vya altaneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) au kompyuta ya injini inaungua. Tumia mita. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Ukiwasha injini, utegemee 13.8 hadi 14.7, ingawa magari mengi ya karibuni hushusha chaji makusudi ili kuokoa mafuta.

"Altaneta ya ampea 130 itaunguza vifaa vya gari lililokuja na ya 80."

Haiunguzi. Redio na taa huchukua ampea zinazohitaji tu, na reguleta, kidhibiti cha altaneta, hushikilia volti palepale. Kinachoweza kuungua ni waya mwembamba wa zamani unaotoka altaneta kwenda betri. Ukiongeza altaneta, badilisha waya huo na fyuzi yake.

"Taa zikififia muziki ukipanda, ongeza betri."

Betri ni ghala, na injini ikishawaka mlishaji ni altaneta. Betri ya pili nayo inataka kulishwa.

Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi kutowaka nayo si ushahidi kwamba chaji ni nzima: diodi moja ikifa, chaji hudhoofika na taa huweza kubaki kimya.

Chaji ikisumbua, mimi ningeanzia kwenye nyaya za hasi, ule wa betri kwenda bodi (chuma cha mwili wa gari) na ule wa injini kwenda bodi. Kwa magari ya pwani chumvi huzila kimyakimya chini ya bolti. Washa injini, taa kubwa na feni, kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea njiani. Fungua bolti, piga msasa hadi chuma king'ae, funga waya mnene, upime tena. Wengi hapo hawahitaji tena altaneta mpya.