Je, wajua kwa nini msumeno wa pembe hukata mbao na alumini, lakini si chuma?

Msumeno wa pembe, yaani ule wa umeme ambao diski yake hushushwa juu ya kipande kilichoegemezwa kwenye kingo ya nyuma, huzunguka kwa kasi kubwa mno. Diski ya milimita 254 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha za meno yake hupita kwa mwendo wa karibu kilomita 240 kwa saa. Mbao huumudu mwendo huo, lakini chuma huyachoma meno na kuyavunja, huku cheche zikirukia unga wa mbao uliojificha ndani ya mashine na kwenye mfuko wa vumbi, ambako moto unaweza kufuka bila fundi kuuona. Ndiyo maana misumeno ya meno iliyoundwa kwa ajili ya chuma huzunguka polepole zaidi, aghalabu mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika.

Alumini ni laini, hivyo hukatika kwa kasi ya mbao, ila kwa diski yake yenyewe na pale tu mtengenezaji wa mashine anaporuhusu. Jino lililoinamia mbele hujivuta ndani ya kitu kinachokatwa. Kwenye mbao hilo husaidia, lakini kwenye alumini jino hung'ata kupita kiasi na kukipokonya kipande. Diski ya alumini kwa hiyo huwa na meno mengi, 80 hivi kwa ukubwa huo, yaliyolazwa nyuma kwa takribani digrii 5, ili kila jino litoe chembe ndogo tu. Kipande nacho hubanwa kwa jiriwa, wala hakishikwi kwa mkono. Plastiki ina shida nyingine: ukikata polepole mno huyeyuka na kuganda kwenye meno.

Hata mbao, ambayo wengi huidharau, ina hila zake. Iliyopinda iwekwe upande uliobenuka ukigusa kingo ya nyuma, la sivyo mkato hujifunga na kuibana diski. Glavu zivuliwe, kwa maana jino likinasa uzi mmoja huuvuta mkono mzima. Mkato ukiisha, achia swichi na usubiri diski isimame kabisa kabla ya kuinyanyua, kwa sababu ikipanda ingali inazunguka huweza kukirusha kipande kilichokatika.