Mtoto, utu na yale tunayodhani

Mtoto akimnyang'anya mwenzake mwanasesere, mkubwa aliye karibu huwa na swali tayari: "Na wewe ukifanyiwa hivyo, utafurahi?" Swali halina ubaya. Ubaya uko kwenye dhana zinazoandamana nalo.

Wapo wanaoamini mtoto huzaliwa mchoyo, na wema huingizwa kwa fimbo. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 18. Mtu wasiyemzoea alijifanya kuangusha kitu, akanyoosha mkono asikifikie. Watoto 22 kati ya 24 walimsaidia angalau mara moja, bila kuahidiwa chochote. Miaka miwili baadaye watafiti haohao wakaonyesha kwamba wa miezi 20 waliozoeshwa zawadi kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Hongo, hata kwa mtoto, ni hongo.

Dhana nyingine: akiijua kanuni, ataifuata. Katika utafiti wa 2013, watoto wa miaka 3 hadi 8 walikubali kwamba stika zigawanywe sawa kwa sawa. Ulipofika wakati wa kugawa, wadogo walijibakizia nyingi. Ni wale wa miaka 7 na 8 waliogawa sawa. Tena wadogo walipoulizwa kabla watafanyaje, walisema wazi kwamba watajipendelea! Huo si unafiki. Kujua hutangulia, kutenda hufuata baadaye, kwa hiyo kumwita mtoto wa miaka minne mbinafsi ni kumwonea.

Dhana ninayoiona nzito zaidi ni kwamba anachokipenda mtoto mwenyewe ndicho wanachokipenda wote. Mtoto mdogo akiona mwenzake analia, huweza kumletea mama yake yeye, ilhali mama wa anayelia amesimama palepale. Mwaka 1997 Betty Repacholi na Alison Gopnik waliwawekea watoto bakuli mbili, moja ya biskuti, nyingine ya mboga ya brokoli, mbichi. Mtafiti alionja brokoli akaifurahia, akaonja biskuti akakunja uso, kisha akaomba apewe. Wa miezi 14 walimpa biskuti wanazozipenda wao. Wa miezi 18 walimpa brokoli, ingawa wao wenyewe hawakuitaka.

Kwa hiyo lile swali la "ukifanyiwa wewe" linahitaji mwenzake: "Unadhani yeye anataka nini?" Akishindwa kujibu, si amwulize mwenyewe?