Mpaka Unaofuata Maji

Meza yangu ya mchanga ina urefu wa mita 2, iko kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya mawe hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu. Juu yake nimetundika projekta na kamera ya kupima kina. Kamera husoma mchanga ulipoinuka na ulipolala, kompyuta huichora pwani yetu upya, na projekta huimwaga picha hiyo papo hapo. Ukichimba kwa kidole, maji ya buluu yanaingia. Mchanga ni wa ujenzi. Vilima vya mchanga vya Shela hatukuvigusa, ndivyo vinavyotutunzia maji matamu.

Naulizwa mbona sikuchora mpaka wa kale wa pwani ya Sultani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 nao ulitoa kanuni: Sultani wa Unguja aachiwe pwani hadi Kipini, penye mdomo wa mto Tana, maili 10 za baharini kuingia bara, zipimwe kuanzia maji yanapofika yakijaa. Kaskazini ya hapo, miji ya Kismayu na Barawa ikapewa duara lenye nusukipenyo cha maili 10 kuelekea bara, kama kwamba mtu alishika bikari. Basi nami nikaandika kanuni kwenye programu, nikauacha mpaka ujitafutie mahali.

Hapo ndipo kazi iliponoga. Yakijaa yapi, ya bamvua, yanapopanda sana, au ya maji mafu, yanapopanda kidogo? Nikatia kitufe: ukikizungusha bahari inapanda, na mstari mwekundu unajongea bara bila mtu kutia saini. Nakiri mjongeo huo nimeutia chumvi, uonekane. Kwa kipimo changu upana wote wa ukanda wa Sultani ni sentimita 9, na nukta moja ya projekta ni takriban mita 200 za mikoko na mashamba ya watu.

Tabaka la pili la picha ni mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa mstari wa Kenya wa kufuata latitudo, ikachora wake; Kenya haikuukubali. Sheria ya bahari kwa kawaida huanza kupima kwenye maji yaliyokupwa, kinyume kabisa na 1886. Kwa hiyo meza moja ina pwani mbili.

Nahodha mmoja mzee aliitazama kimya, mistari yote asiijali. Kisha akainama.

“Mwanangu, hapa kisiwani Kiwayu umeziba mlango wa maji. Vyombo vitapita wapi?”

Akauchimbua kwa kidole gumba. Mstari ukatetemeka, ukahama. Pwani aliyoiacha niliihifadhi. Siku hizi nikiwasha mitambo, ndiyo inayotangulia.