Volti ya betri inapima nini hasa

Ubavuni mwa betri ya gari pana namba mbili: 12V na, tuseme, 70Ah. Wengi wetu tunasoma ya kwanza tu, tukidhani ndiyo inayosema betri imebeba umeme kiasi gani. Siyo. Jiwe dogo la rimoti na jiwe nene la tochi yote ni ya volti 1.5, na kila mtu anajua lipi hudumu.

Volti ni nishati inayopewa kila kipimo kimoja cha chaji, yaani umeme wenyewe unaopita kwenye waya. Chaji hupimwa kwa kulombi, nishati kwa jouli, na volti moja ni jouli moja kwa kila kulombi. Betri ya volti 12, basi, huipa kila kulombi inayopita jouli 12, na jouli hizo huachwa kwenye taa au redio. Chaji yenyewe hailiwi, inatokea ncha moja na kurudi kwa ya pili. Kinachotumika ni nishati, nayo inatoka kwenye risasi na asidi zinazobadilika kikemikali humo ndani.

Ukiwa Wete, Pemba, msimu wa karafuu, kujua bei ya kilo hakukwambii mtu kaondoka na pesa ngapi kwenye kituo cha kuuzia, mpaka ujue kapeleka kilo ngapi. Volti ni bei ya kilo, chaji ni uzito, nishati ndiyo hizo pesa.

Sasa ile 70Ah, yaani ampea-saa 70. Ampea ni kulombi moja kwa kila sekunde. Ampea moja ikipita saa nzima ni kulombi 3,600, kwa hiyo betri hii ina kulombi 252,000. Zidisha kwa 12, unapata jouli 3,024,000. Zinaonekana nyingi, lakini uniti moja ya Tukuza, umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar, ni jouli 3,600,000! Betri zito la kumuumiza mtu mgongo halifikishi uniti moja, na hapo ni kama utalikamua lote, jambo linaloliharibu.

Wavuvi wa dagaa wenye betri mbili kama hizi wana njia mbili za kuziunga. Chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zinabaki 12 na taa inawaka muda maradufu. Chanya ya moja kwa hasi ya nyengine, volti zinakuwa 24 na muda hauongezeki kwa taa inayovuta ampea zile zile. Nishati ya jumla ni moja kwa njia zote mbili, ila taa ya volti 12 ukiifunga kwenye 24 inaungua.