Kopo Likibadilika, Gramu Nazo Zibadilike

Mitihani ya vitendo inapokaribia, maabara nyingi za shule hukwama hapa: maelekezo yanataka sodiamu kaboneti kavu, na duka la vifaa mjini Tabora limebaki na ile yenye maji ya fuwele, yaani maji yaliyonaswa ndani ya fuwele zake. Kuitumia si kosa. Kosa ni kupima gramu zilezile.

Lita moja ya myeyusho wa 0.05 M (moli 0.05 kwa lita; moli ni kipimo cha wingi wa kemikali) huhitaji gramu 5.3 za kaboneti kavu, ambayo moli yake ina gramu 106. Ile iliyobeba molekuli kumi za maji ina gramu 286 kwa moli, hivyo utapima 14.3. Hesabu ni nyepesi: uzito wa moli wa ulichonacho, gawanya kwa wa kilichotajwa, zidisha kwa gramu za maelekezo. Ukipima 5.3 bila kusoma lebo, zaidi ya nusu ya hicho kilichoko kwenye mizani ni maji. Mwanafunzi atachukua mililita 25 za myeyusho huo, afanye titresheni, yaani aidondoshee asidi hidrokloriki ya 0.1 M kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo) mpaka rangi ya kiashiria igeuke, na itageuka kwenye mililita 9.3 badala ya 25. Atailaumu bureti.

Lebo yenyewe nayo si ya kuaminiwa siku zote. Kiangazi cha Tabora ni kikavu. Kopo lisilofungwa vizuri hupoteza maji, na fuwele zilizokuwa angavu hugeuka unga mweupe. Unga huo si wa maji kumi tena, wala haujawa mkavu, na hakuna hesabu itakayouokoa. Uoke kwenye bakuli la kauri kwa nyuzi 250 hadi 270 za selsiasi, upoe ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu), upime, kisha urudie mpaka uzito usishuke tena. Hapo ndipo utapimwa kama kaboneti kavu. Bikaboneti safi ya maabara nayo hufaa kwa njia hiyohiyo: gramu 8.4 hubaki 5.3. Magadi ya sokoni, hapana. Ni mchanganyiko wa kaboneti, bikaboneti na uchafu. Yaacheni yalainishe maharage.

Sodiamu haidroksaidi ikiisha, potasiamu haidroksaidi huziba pengo: gramu 4.0 huwa 5.6. Ila vidonge vyake mara nyingi ni asilimia 85 tu, hivyo pima 6.6, kisha uhakikishe nguvu yake kwa asidi inayojulikana.

Kwenye utambuzi wa chumvi msibadilishe asidi ovyo. Asidi hidrokloriki ikichukua nafasi ya naitriki kabla ya silva naitreti, inayotumika kutambua kloridi, mashapo meupe (chembe zinazotuama) yatatokea hata kama sampuli haina kloridi. Asidi salfyuriki pamoja na bariamu kloridi, inayotumika kutambua salfeti, huleta uongo wa aina hiyohiyo. Maji ya bomba au ya kisima pia yanaweza kuwa na kloridi, kwa hiyo jaribu kwanza matone mawili ya silva naitreti kwenye maji matupu. Yakitia ukungu, tafuta maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa.