Fonti nyembamba si fonti iliyobanwa

Wengi wanaoandaa mabango hudhani fonti nyembamba, yaani mtindo wa herufi zenye upana mdogo, ni fonti ya kawaida iliyosukumwa pande mbili mpaka ikaingia. Jina likigoma kutosha, wanashika ukingo wa maandishi kwenye kompyuta, wanaminya, kazi imekwisha. Haijakwisha.

Chukua herufi O. Ukiibana, kuta zake mbili za wima hukonda, lakini mgongo wa juu na wa chini hubaki na unene uleule. Herufi inaonekana kama imetoka kuugua. Mchoraji wa fonti nyembamba halisi huanza upya: hunyoosha mbavu za O zikawa karibu mistari, hupunguza uwazi wa ndani, husogeza herufi jirani, na unene huusawazisha kwa jicho.

Tazama fonti nyembamba iitwayo Alternate Gothic, iliyochorwa na Morris Fuller Benton kwa American Type Founders, kampuni ya kutengeneza herufi za chapa, Marekani, mwaka 1903. Ilitoka katika upana wa aina tatu, mpiga chapa achague unaotosha nafasi yake. Wakati huo herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, nacho hakina ukingo wa kuvuta! Nembo ya YouTube iliyotumika hadi 2017 ilitokana nayo.

Fonti hizi ni za vichwa vya habari, mabango na lebo. Kiswahili chetu, chenye maneno kama "wanaowasubiria", kinazihitaji kuliko lugha nyingi. Ila aya ndefu usiiandike nazo: zikiwa ndogo, a, e na o huanza kufanana.