Mashine ya kupumulia haiponyi mapafu
Wengi hudhani mapafu yakijaa majimaji na mgonjwa akashindwa kupumua, dawa ni mashine kumsukumia hewa nyingi. Sivyo. Mashine humshikilia tu wakati mapafu yakipona, na hewa ikizidi huyajeruhi zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulipunguza kila pumzi kutoka mililita 12 hadi 6 kwa kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu na jinsia (si wa mizani, maana mapafu hayanenepi). Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Wafaransa waliwalaza kifudifudi waliozidiwa sana, angalau saa 16 mfululizo: vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 16, dhidi ya 32.8 kwa waliolala chali. Hakuna dawa mpya iliyohusika.